Jinsi ya kumwamini Muumba na kukubali evolusheni bila kujidanganya upande wowote

Mpwa wangu alinitumia meseji saa tano usiku, kesho yake ana mtihani wa biolojia, akaandika: "Mjomba, hili swali la evolusheni nikilijibu vile kitabu kinasema, si nitakuwa nimemkana Mungu?" Nikabaki nimeshika simu. Huyu ni mtoto anayesali kwa kumaanisha, na kwenye kipindi cha dini alikuwa ameambiwa na mtu anayemheshimu sana kwamba hakuna awezaye kutumikia mabwana wawili, ni Mungu au Darwin, yule mwanasayansi aliyeieleza evolusheni, chagua mmoja. Hiyo kauli nimeiona ikiharibu watu. Nimeona vijana wameacha imani kwa sababu ya sentensi hiyo moja, walipofika mbele wakakuta ushahidi ni mzito wakasema basi, kama ni lazima kuchagua nachagua kilicho wazi. Na nimeona wengine waliokuwa wanaipenda sayansi kwa moyo wote wakaiacha wakiogopa moto. Yote mawili yananiuma.

Nilimjibu usiku uleule, jibu refu, na tangu hapo nimeulizwa swali hilohilo mara nyingi, kwa hiyo nimeona niliandike vizuri. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili usipate shida ya kunikisia: mimi ni Mkristo, naamini Mungu ndiye Muumba wa kila kitu, na nakubali evolusheni, yaani kwamba viumbe hubadilika polepole kizazi hadi kizazi na wana mababu wa pamoja, kama ninavyokubali kwamba dunia inalizunguka jua. Nitagusa pia upande wa Waislamu maana swali ni lao vilevile.

Anza na maneno, usianze na ugomvi

Robo tatu ya mabishano niliyoyasikia yanatokana na maneno matatu tu. La kwanza ni nadharia. Sisi tumezoea shuleni kuna mtihani wa nadharia na mtihani wa vitendo, kwa hiyo mtu akisikia "nadharia ya evolusheni" kichwani kwake inaingia kama kitu cha kwenye makaratasi ambacho hakijafanyiwa kazi, ndo unasikia "ah, hiyo si nadharia tu". Kwenye sayansi nadharia sio hivyo. Ni maelezo makubwa yanayounganisha mambo mengi yaliyothibitishwa tayari, na yaliyojaribiwa kuangushwa mara nyingi yakagoma kuanguka. Kwamba magonjwa mengi yanaletwa na vijidudu, hiyo nayo ni nadharia, na hakuna mtu anayekataa kunawa mikono kabla ya kumhudumia mgonjwa eti kwa sababu ni nadharia tu.

La pili ni nyani. "Wanasema binadamu alikuwa nyani." Hapana, hakuna mwanasayansi anayesema hivyo. Jamaa yetu wa karibu aliye hai ni sokwe, na hata sokwe mwenyewe sio babu yetu, ni kama binamu: mimi na binamu yangu hatujazaana, tuna babu mmoja, basi. Huyo babu wa pamoja kati yetu na sokwe aliishi miaka milioni 6 au 7 iliyopita hivi na hayupo tena. Nyani ndo wako mbali zaidi kiukoo, tuliachana nao zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita. Kwa hiyo lile swali la "mbona nyani wa leo hawageuki watu" ni sawa na kuuliza mbona binamu yako hageuki kuwa wewe.

La tatu ndo ninalolipenda kuliko yote, na sijui kwa nini hatulitumii. Fungua kitabu chochote cha biolojia cha Kiswahili utakuta kila ukurasa umejaa neno viumbe. Viumbe hai, mageuko ya viumbe, uhusiano wa viumbe. Kiumbe ni kitu kilichoumbwa! Na ule ulimwengu wa asili wenyewe tunauita maumbile, neno linalotoka kulekule kwenye kuumba. Yaani mwalimu wa biolojia akisema "mageuko ya viumbe" tayari, kwa lugha yetu, amesema vilivyoumbwa vinageuka. Sasa usinielewe vibaya, neno halithibitishi kwamba Mungu yupo, mtu asiyeamini naye anasema viumbe kama sisi na hakuna ubaya. Ninachosema ni kwamba lugha yenyewe ilishaviweka hivi vitu viwili kwenye chungu kimoja siku nyingi na havijawahi kupigana humo ndani, ugomvi tumeuletea sisi.

Tenganisha "nani" na "vipi", na hapa tulia usipite haraka

Hii hatua watu wanaisema harakaharaka, "sayansi inajibu vipi, dini inajibu nani", alafu wanaendelea, na msikilizaji anabaki anaona kama kakwepwa. Kwa hiyo chukua mfano mmoja ukae nao.

Mama mjamzito amelala kitandani anapimwa altrasaundi. Ni wiki ya saba. Kwenye skrini kuna kitu kidogo hata hakijafika urefu wa ukucha wa kidole gumba, na ndani yake kuna kanukta kanachezacheza, kanawaka na kuzima, huo ni moyo. Mtaalamu anauhesabu, anapima kwa milimita, anaandika. Mama anafuta machozi anasema, "Mungu ananiumbia mtoto." Nani kati yao kakosea? Mtaalamu anajua vizuri kabisa yai na mbegu vilikutana, seli ikagawanyika mbili, nne, nane, jeni zikawashwa na kuzimwa kwa mpangilio, hakuna hatua yoyote aliyosimama akasema "hapa sayansi imeshindwa, hapa Mungu ameingiza mkono". Na mama naye anaimba Zaburi ya 139, uliniunga tumboni mwa mama yangu, na hasemi uongo. Mwislamu atakusomea Sura ya 23, tone, kisha pande la damu, kisha kinofu cha nyama, kisha mifupa ikavikwa nyama, na bado anasema Mwenyezi Mungu ndiye mbora wa waumbaji.

Hakuna shehe wala mchungaji niliyewahi kumsikia anawaambia watu wachague: ni Mungu aliyekuumba au ni mimba iliyokua miezi tisa. Kila mtu anakubali kwamba Mungu anaumba kwa njia ya hatua, kwa njia ya maada, polepole, kwa kanuni zinazochunguzika. Sasa kama miezi tisa haimpunguzii Mungu kitu, miaka bilioni 3 na zaidi ya historia ya uhai inampunguzia nini? Mimi nilipolielewa hili kwa mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa nimefundishwa bila mtu kusema wazi kwamba Mungu anaonekana pale tu ambapo hatujui kilichotokea, na kila tukijua kitu kipya Mungu anarudi nyuma hatua moja. Hiyo ni imani maskini. Kama yeye ni Muumba, basi ni Muumba wa kile tunachokielewa pia.

Jua pia mahali ambapo kweli haviendani

Usimwambie mtu kwamba kila imani inaendana na evolusheni, huo ni uongo. Kama imani yako inadai kwamba dunia ina miaka 6,000 hivi na kila aina ya mnyama iliumbwa peke yake ndani ya siku sita za saa 24, basi hapana, haiendani, na hakuna ujanja wa maneno utakaoviunganisha, itabidi ukubali au usomaji wako wa maandiko uko na shida au karibu jiolojia yote, fizikia ya nyuklia na jenetiki vimekosea kwa pamoja. Na upande wa pili, kama mtu anapoeleza evolusheni anaongeza kwamba "kwa hiyo hakuna Mungu na hakuna maana yoyote", hiyo sehemu ya mwisho haikutoka maabara. Hakuna kipimo kinachopima hilo. Ni falsafa yake, ana haki nayo, lakini asiiuze ndani ya pakiti ya biolojia.

Darwin mwenyewe, ambaye mwishoni alijiita mtu asiye na uhakika kuhusu Mungu, mwaka 1879 aliandika kwenye barua kwamba anaona ni upuuzi kutilia shaka kuwa mtu anaweza kumwamini Mungu kwa dhati na akakubali evolusheni. Na rafiki yake Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Harvard, ambaye ndiye aliyeitetea sana kazi ya Darwin kule Marekani, alikuwa Mpresibiteri asiyeionea haya imani yake. Kwa hiyo ile picha kwamba siku kitabu cha Darwin kinatoka mwaka 1859 dini na sayansi zikatangaza vita, sio kweli.

Angalia ushahidi kwa macho yako, usiogope

Waumini wengi wanakubali au kukataa evolusheni bila kuwahi kuuona ushahidi wenyewe. Mimi naona hilo ni kosa kiimani kabisa, maana kama Mungu si mwongo basi alama alizoziacha kwenye mawe na kwenye damu yetu sio za uongo, na kuzichunguza sio kumchokoza.

Anza na mwili wako. Kwaya ikipandisha ule ubeti wa mwisho, sauti zote zikaingia, unahisi mwili unasisimka, ukiangalia mkono unakuta vinyweleo vimesimama na ngozi imekuwa na vipele vidogovidogo. Kwenye kila shina la unyweleo kuna kamsuli kadogo kanakovuta. Paka akikutana na mbwa unaona kazi yake, manyoya yote yanasimama anaonekana mkubwa mara mbili, na mnyama mwenye manyoya akisikia baridi yanasimama yanashika hewa ya joto. Sisi manyoya hatuna tena, tumebaki na vinyweleo laini ambavyo vikisimama havimtishi mtu wala havitupi joto. Lakini misuli bado ipo, na waya wake bado unaunganishwa na hofu, na baridi, na ajabu. Nikisimama ibadani mwili ukasisimka, najua nimebeba mabaki ya mababu wenye manyoya wa mamilioni ya miaka, na mabaki hayohayo ndiyo yanayoinuka nikimsifu Mungu. Sioni kama hilo linanishusha hata kidogo.

Alafu ingia ndani zaidi, kwenye kromosomu, zile nyuzi za DNA zinazobeba jeni ndani ya seli. Sisi tuna jozi 23, sokwe, ndugu yake bonobo, gorila na orangutani wana jozi 24. Mtu akiona hapo anasema unaona, hatuna undugu, jozi moja imeenda wapi? Na ni swali zuri, maana jozi nzima haiwezi kupotea hivihivi mtu akaishi. Kama undugu ni wa kweli lazima kromosomu mbili za zamani ziliungana zikawa moja, na kama ziliungana lazima alama ibaki. Kila kromosomu ina vishikizo kwenye ncha zake, herufi za DNA TTAGGG zinazojirudiarudia, kazi yake ni kulinda ncha, mahali pake ni mwishoni. Wakaangalia kromosomu namba 2 ya binadamu, na katikati yake wakakuta vile vishikizo vya ncha, viwili vimegongana uso kwa uso, na pembeni kuna mabaki ya kitovu cha pili (kitovu ni sehemu kromosomu inaposhikwa seli ikigawanyika) ambacho hakifanyi kazi tena. Ni kama umepewa kamba ndefu ukaambiwa ilikuwa kamba mbili, ukaipitisha mkononi taratibu ukafika katikati ukashika fundo. Mwaka 2005, kwenye ile kesi ya Dover huko Pennsylvania, Marekani, iliyohusu kuingiza mbadala wa evolusheni kwenye somo la biolojia, aliyemweleza hakimu jambo hili alikuwa Kenneth Miller, mwanabiolojia na Mkatoliki anayesali.

Kuhusu umri wa dunia sitakawia. Urani inageuka kuwa madini ya risasi kwa mwendo unaojulikana, nusu ya urani ya aina ya 238 inachukua miaka bilioni 4.5 hivi kugeuka, na mwanasayansi Clair Patterson mwaka 1956 akitumia vimondo alipata umri wa miaka bilioni 4.55, na namba hiyo haijasogea kitu cha maana mpaka leo. Na visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyohifadhiwa kwenye mawe: watafiti walijiuliza, kama samaki wengine walitoka majini miaka milioni 375 hivi iliyopita, mawe ya umri huo yaliyokuwa mto wa kina kifupi yako wapi, wakaangalia ramani, wakaenda kisiwa cha Ellesmere kaskazini kabisa mwa Canada, wakatafuta kwa misimu kadhaa kwenye baridi kali, na mwaka 2004 wakampata Tiktaalik, samaki mwenye magamba na mapezi lakini mwenye shingo na ndani ya pezi mifupa ya kiwiko na kifundo cha mkono. Kukisia kitu alafu ukaenda ukakikuta palepale ulipokisia, hilo ni jambo zito.

Soma maandiko kama wanavyosoma watu wazima

Sasa rudi kwenye Mwanzo sura ya 1 na usome polepole, kwa kalamu. Mwanga siku ya kwanza. Jua siku ya nne. Jioni na asubuhi tatu zilipita bila jua. Mwandishi hakuwa mjinga, alijua kama wewe kwamba asubuhi inaletwa na jua, kwa hiyo kuna kitu anakwambia. Panga siku pembeni kwa pembeni uone: siku ya 1 mwanga na ya 4 mianga, ya 2 anga na maji na ya 5 ndege na samaki, ya 3 nchi kavu na ya 6 wanyama na mtu. Siku tatu za kutengeneza nyumba, siku tatu za kuweka wakazi. Huo ni mpangilio wa shairi takatifu, sio wa ripoti ya maabara. Alafu sura ya 2 mtu anaumbwa wakati mche wa kondeni haujachipuka bado na wanyama wanakuja baada yake, tofauti na sura ya 1, na waliokusanya kitabu waliziacha zote mbili zikae jirani bila wasiwasi.

Na usiruhusu mtu akwambie huku ni kusoma kwa kumwogopa Darwin. Origene, mwalimu wa Kanisa wa karne ya 3, aliuliza ni nani mwenye akili atadhani kulikuwa na siku ya kwanza, ya pili na ya tatu bila jua. Askofu Agostino, mwanzoni mwa karne ya 5, aliona Mungu aliumba yote kwa mara moja na kuweka ndani ya uumbaji kitu kama mbegu za mambo yatakayojitokeza baadaye kwa wakati wake. Hakuwa mwanaevolusheni, tusimbandike, ila hakufungwa na saa 24. Tena aliwaonya Wakristo kwa ukali: asiyeamini akimsikia Mkristo anaropoka kuhusu mambo ya nyota na wanyama ambayo yeye anayajua vizuri, atawezaje kumwamini akija kumweleza ufufuo? Miaka 1,600 iliyopita hiyo, na nikimkumbuka mpwa wangu aliyeambiwa achague naona kama ilisemwa jana. Ile hesabu kwamba dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo ni ya askofu James Ussher, mwaka 1650, haimo kwenye Biblia popote.

Sikiliza pia vitenzi. "Nchi na izae." Mungu hasemi "nazaa", anaiambia nchi izae, anaupa uumbaji kazi. Kwa Waislamu, Kurani inataja siku sita lakini inasema pia siku moja kwa Mola ni kama miaka elfu mnayohesabu, na mahali pengine siku ya miaka 50,000, na kwamba kila kilicho hai kimetokana na maji. Kuna aya ya Sura Nuhu inayosema amewaumba hatua baada ya hatua, na wengine wanaikimbilia kusema unaona, evolusheni imo! Mimi nakushauri usifanye hivyo, wafasiri wa zamani wameielewa zaidi kuwa hatua za mimba, na ukilazimisha sayansi ya leo iingie kwenye aya, kesho sayansi ikisogea utaisogeza na aya.

Kanisa Katoliki lilishatoa msimamo: Papa Pio XII mwaka 1950 aliruhusu uchunguzi kuhusu mwili wa binadamu kutoka kwenye viumbe vilivyotangulia, akashikilia kwamba roho inaumbwa na Mungu moja kwa moja, na Papa Yohane Paulo II mwaka 1996 akasema evolusheni ni zaidi ya dhana tu.

Yakabili magumu, usiyafiche

Kuna magumu mawili ya kweli. La kwanza ni Adamu. Jenetiki inaonyesha kwamba kundi la mababu zetu halikuwahi kushuka hadi watu wawili tu, walikuwa maelfu. Waumini wanalijibu tofauti: wengine wanasema Adamu ni mtu halisi aliyechaguliwa na Mungu kati ya wengi awe kichwa cha agano, yaani mwakilishi wa wote mbele za Mungu, wengine wanasema ni jina la sisi wote, maana Adamu kwa Kiebrania ni mtu, binadamu. Kwa Waislamu wapo wanazuoni wanaokubali evolusheni ya viumbe wote ila Adamu peke yake wanasema aliumbwa kwa muujiza, kama Isa alivyozaliwa bila baba, na wanataja aya inayowafananisha hao wawili. Mimi naegemea kwenye jibu la kichwa cha agano, lakini siwezi kukulazimisha, na ukichukua mwezi au mwaka kulitafakari hutakuwa umeasi.

La pili ndo linalonisumbua zaidi, nalo ni kifo. Evolusheni inaenda kwa kufa. Zaidi ya asilimia 99 ya spishi zote zilizowahi kuishi zimetoweka. Dinosaria walikuwa wanalana mamilioni ya miaka kabla ya binadamu yeyote kutenda dhambi. Mwaka 1860 Darwin alimwandikia Asa Gray kuhusu nyigu wanaotaga mayai ndani ya kiwavi aliye hai, mabuu yakitoka yanamla taratibu akiwa bado hai, akasema hawezi kujishawishi kwamba Mungu mwema aliwapanga hao kwa makusudi. Na aliyeandika hayo alikuwa baba aliyefiwa na binti yake Annie mwaka 1851, mtoto wa miaka 10. Huwezi kumjibu mtu kama huyo kwa mstari mmoja.

Ninachoweza kukuonyesha ni hiki. Mwanzo 2 inasema siku utakapokula utakufa hakika, Adamu akala, na kwa Biblia hiyohiyo akaishi mpaka miaka 930. Kwa hiyo kifo kinachosemwa pale kina kina kuliko moyo kusimama, ni kukatika na Mungu. Na Zaburi ya 104, ambayo ni wimbo wa sifa tupu, inasema wana simba wananguruma wakitafuta chakula chao kwa Mungu. Kwa Mungu! Mtunzi haoni windo la simba kama matokeo ya dhambi ya mtu, analiweka katikati ya sifa. Ayubu naye alipodai maelezo ya mateso yake hakupewa maelezo, alionyeshwa wanyama wa porini, pamoja na makinda ya tai yanayofyonza damu. Hilo halifuti machozi ya mtu yeyote, na evolusheni haikulileta swali hili, lilikuwepo tangu mtoto wa kwanza kufa kabla ya mama yake. Kumkataa Darwin hakumfufui kiwavi. Nyigu yupo hata kwenye dunia ya miaka 6,000.

Kuna na lile la bahati nasibu, "Mungu gani anaumba kwa kubahatisha". Hili ni jepesi kidogo. Mabadiliko ya jeni yanaitwa ya nasibu kwa maana kwamba hayaji kwa kufuata mahitaji ya mnyama, lakini kubaki au kutobaki kwake sio nasibu tupu, mazingira yanachuja. Na muumini aliyewahi kusoma Mithali anajua kura hutupwa katika mikunjo ya nguo lakini hukumu yake yote ni ya BWANA, kwa hiyo neno nasibu halijawahi kumaanisha nje ya mikono ya Mungu.

Ukiulizwa, jibu hivi

Kwenye mtihani jibu sayansi kwa ukamilifu na bila kuweka "wanadai kwamba" kila mstari, swali linakuuliza ushahidi unaonyesha nini na kusema kweli kuhusu ushahidi sio dhambi. Ukiwa na mzee wako wa imani anayeona hili ni kufuru usimkimbilie na kromosomu, muulize kwanza anaogopa nini kitapotea, maana mara nyingi anaogopa utu wa mtu utashuka au Biblia itatupwa, na hapo una la kumwambia. Usimcheke kamwe. Ukiwa na rafiki asiyeamini usitumie mapengo ya sayansi kama uthibitisho wa Mungu, yataziba na utaaibika. Na usitegemee majina makubwa, kwamba Francis Collins aliyeongoza mradi wa jenomu ya binadamu ni Mkristo, au Mendel aliyechunguza urithi kwa njegere alikuwa mtawa, au mtaalamu wa jenetiki Dobzhansky alikuwa Mwothodoksi. Majina hayo yanasaidia kitu kimoja tu, yanaonyesha kwamba kichwa kimoja kinaweza kubeba vyote viwili bila kupasuka.

Mpwa wangu alifanya ule mtihani. Jioni yake akapiga simu, hakuongelea maksi kabisa, akaniuliza: "Sasa mjomba, kama sokwe ni binamu zetu, na wao wanamjua Mungu kwa namna yao?" Nikamwambia avute kiti akae, maana hiyo simu haikuwa ya dakika tano.